Nukta Mbili Juu ya Irabu

Mwalimu Wasike hakuwa na sababu yoyote ya kupelekwa Lodwar. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa darasa la nane, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, na katika miaka ishirini na sita ya kushika chaki hakuwahi kumfundisha mtu hata mmoja kusoma. Watoto walimfikia wakiwa tayari wanajua kusoma, au angalau ndivyo alivyoamini. Kazi yake ilikuwa sehemu na asilimia. Lakini Agosti hiyo ya mwaka 2012, mwalimu wa darasa la kwanza aliyekuwa ameandikishwa kwa mafunzo ya kufundisha kusoma alilazwa kwa malaria, na Madam Asekon, mwalimu mkuu wa shule yao pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hakutaka nafasi ipotee.

"Nenda wewe," alimwambia. "Ni wiki moja tu. Utakula vizuri, utalala chini ya feni."

Akaenda, kwa ajili ya feni.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa kanisa. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mfupi kutoka Bomet aliyeitwa Chepkemoi, sauti imemkauka kwa kusema kutwa. Siku ya kwanza aliandika herufi M ubaoni na kuwauliza walimu arobaini inaitwaje. Wakajibu kwa pamoja, "Em!"

"Hilo ni jina lake," Chepkemoi akasema. "Mimi sitaki jina. Nataka sauti inayotoka ukiigusa. Fungeni midomo. Mmmm."

Walimu arobaini wakavuma kama ng'ombe zizini. Wasike naye akavuma, akiangalia chini kwa haya, akiwaza vile rika lake la Kimilili lingemcheka lau lingemwona.

Siku ya tatu Chepkemoi alifuta ubao wote akachora alama za ajabu: ndoano, duara lenye mkia, mistari iliyokatana. Akawaambia wasome. Mwalimu mmoja kutoka Lokitaung akajaribu kutania, utani wake ukaishia njiani. Wasike alizikodolea macho zile alama, akahisi masikio yanamwaka moto, akatamani sana mama yule asimtazame yeye.

"Hivyo ndivyo anavyojisikia kijana wa miaka kumi na saba aliyekaa nyuma darasani mwako," Chepkemoi akasema bila ukali. "Kila siku. Tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho."

Kisha akawapa sauti ya kila alama, moja moja, na kuwaonyesha namna ya kuziunganisha. Haikupita nusu saa, Wasike akaona ndoano na duara vikigeuka mbele ya macho yake kuwa "mama analima." Alijikuta ametabasamu peke yake kama mtoto aliyepewa peremende.

Aliporudi Kakuma, Madam Asekon alitaka kujua mara moja mafunzo yale yana faida gani. Wakawaita wanafunzi wote wa darasa la nne hadi la sita waliozidi miaka kumi na mitano, na kambini hao walikuwa wengi. Kila mmoja alipewa sentensi moja asome: Baba amenunua kuku. Thelathini na wanane hawakuweza. Kilichomshangaza Wasike ni jinsi walivyojificha. Kijana mmoja aliyeitwa Ruot, mrefu, mcheshi, mwenye miaka kumi na saba, aliomba asome kitabu chake mwenyewe badala ya ile sentensi. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa madoido. Wasike alipochungulia, kitabu kilikuwa kimefunguliwa ukurasa mwingine kabisa.

Hao thelathini na wanane wakawa darasa lake la alasiri. Walikutana katika stoo ya mabati, katikati ya magunia ya mahindi na maharagwe ya chakula cha shule, mahali ambapo baada ya saa saba joto lilikuwa la kukata pumzi. Siku ya kwanza walipoambiwa wavume, Ruot alisimama.

"Mwalimu, hii mambo ya mmm-mmm ni ya nasari. Sisi ni watu wazima."

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo kule Lodwar," Wasike akamjibu. "Kaa chini. Disemba utaniambia."

Aliwafundisha kwa kokoto. Aliwatuma wakaokote kando ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, kila mmoja konzi moja. Akitamka neno, waweke kokoto moja kwa kila sauti wanayoisikia. Kwa miaka mingi walikuwa wameimba ba be bi bo bu kama wimbo wa kurukia kamba, bila kujua kwamba ndani ya ba mna vitu viwili. Wiki ya pili, Ruot aliweka kokoto nne mbele yake kwa neno kuku, akaziangalia, akazitenganisha kwa kidole, akasema polepole, "Kumbe zilikuwa ndani." Hakusema tena habari ya nasari.

Aliyemsumbua Wasike ni Nyamal.

Nyamal alikuwa na miaka ishirini, wa darasa la nne, mkubwa kuliko wote. Mama yake alifariki hapo kambini mwaka 2009, akamwachia ndugu wawili wadogo wa kulea. Alikaa nyuma kabisa, magoti yakiwa nje ya dawati kwa sababu hayakuenea chini yake. Alikuwa msikivu, lakini alichelewa kuliko wenzake wote, na sababu yake ilikuwa ya ajabu: alisikia sauti nyingi mno.

"Hii ni a," Wasike angesema.

"A gani, mwalimu?"

"A ni a."

"Kwetu ziko mingi."

Akatamka neno moja la Kinuer, lugha ya kwao Sudan Kusini, kisha akalitamka tena. Kwa masikio ya Wasike lilikuwa neno lile lile mara mbili. Ruot na Wanuer wengine wakaangua kicheko, kwa maana la kwanza lilikuwa kitu kimoja na la pili kitu kingine kabisa.

"Ya pili iko na pumzi," Nyamal akaeleza, akiweka kiganja mbele ya mdomo. "Hii ya kwanza haina."

Wasike akajaribu. Wakacheka zaidi. Joto lilikuwa limempanda, akaona wakati unapotea. "Nyamal, hapa tunasoma Kiswahili. Kwa Kiswahili a ni moja tu."

Msichana akainamisha kichwa. Kuanzia siku hiyo alizitupilia mbali zile a zake nyingine, akashika moja, na kufikia Disemba alikuwa anasoma. Alisoma polepole, kidole chini ya kila herufi, lakini alisoma. Wasike alimpigia makofi pamoja na wengine, akadhani jambo limekwisha.

Shule zilipofunguliwa Januari, Nyamal alibaki nyuma wenzake walipotoka stoo. Alifungua kitambaa akatoa kitabu kisicho na jalada, kurasa zake za rangi ya chai.

"Hii kitabu ni ya mama. Ni ya nyimbo, ya kanisa. Ya Kinuer."

Akamweleza, bila kumtazama usoni, kwamba kwa miaka yote hiyo alikwenda nacho kanisani kila Jumapili. Alikifungua popote, akakiinua mbele ya uso, akaimba kwa kichwa nyimbo alizozijua. Hakuna mtu aliyewahi kutambua. Lakini wakati wa likizo alikuwa amekifungua nyumbani, akakuta mle ndani herufi anazozifahamu.

"Lakini ziko zingine siko najua."

Wasike akavaa miwani. Kweli, k ilikuwepo, na t, na m. Lakini palikuwa na kidude kama c iliyogeuka ikatazama nyuma. Tena palikuwa na a na e na o zilizobeba nukta mbili juu ya kichwa. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Akauliza kama hakuna mtu kanisani awezaye kumwelekeza. Nyamal akasema mwinjilisti mzee aliyejua kukisoma alikuwa amerudi kwao Sudan Kusini baada ya uhuru. Waliobaki waliimba kwa kichwa kama yeye.

Mwalimu wa miaka ishirini na sita kazini hapendi kutamka neno hili, lakini alilitamka. "Sijui."

"Si kitu, mwalimu," Nyamal akasema, akikifunga kitabu kitambaani. "Nitasikiliza."

Wasike alidhani hajamwelewa. Kitabu hakina sauti, atasikiliza nini?

Siku nne baadaye alirudi, na safari hii alimtazama machoni. Akafungua ukurasa, akaweka kidole juu ya neno fupi. "Hii ni Mungu. Kuoth."

"Umejuaje?"

"Kitabu ya kanisa, mwalimu. Jina gani itakuwa mingi kushinda ya Mungu?"

Alikuwa amepekua kitabu kizima akitafuta neno linalojirudia kuliko mengine yote. Akalipata. Lilianza kwa k, likafuata u, mwishoni lilikuwa na th, na katikati kimekaa kile kidude, c iliyotazama nyuma. K na u na th alikuwa amefundishwa. Kwa hiyo kile kidude hakikuwa na njia ya kukwepa: ni ile o ya kwao, inayotamkwa kwa mdomo wazi. Alipoipata hiyo, aliipeleka kwenye maneno mengine, nayo yakafunguka.

Wasike alikaa juu ya gunia la maharagwe. Kwa maisha yake yote ya kazi alikuwa amefundisha watoto kutafuta kisichojulikana kwa kutumia kinachojulikana. Alikuwa amepiga chaki ubaoni na kupaza sauti kuhusu x na y. Hakuwahi kumwona mtu akifanya hivyo kwa lugha ya mama yake, peke yake, bila mtu wa kumwambia kwamba jambo lenyewe linawezekana.

Nukta mbili zilimchukua Nyamal wiki tatu. Alichagua wimbo anaoujua kwa moyo, akautafuta kitabuni kwa kufuata mahali jina la Mungu linapoangukia, kisha akauimba taratibu, neno kwa neno, kidole kikitembea. Alipotamka irabu yenye pumzi, aliiangalia karatasi. Ilikuwa na nukta mbili. Irabu isiyo na pumzi haikuwa nazo. Akaenda wimbo wa pili, wa tatu, wa kumi. Kila mahali ambapo mdomo wake ulitoa pumzi, karatasi ilikuwa na nukta.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nafikiri ni uchafu ya nzi," akasema. "Kumbe mtu alisikia. Zamani sana, mtu alikaa akasikia hii pumzi, akaandika. Si mimi pekee yangu nasikia."

Wasike alikumbuka siku aliyomwambia kwamba a ni moja tu. Akasema, "Ulikuwa sahihi, na mimi nilikuwa kiziwi." Nyamal akaziba mdomo kwa mkono akicheka, maana hakuwahi kusikia mwalimu akisema hivyo.

Alipomsimulia Madam Asekon, mwalimu mkuu huyo, ambaye ni Mturkana wa Lorugum, aliweka kalamu chini. "Unajua, hata sisi tuna maneno yanayoishia kwa mnong'ono," akasema. "Bibi yangu alikuwa ananichapa nikiumeza. Sijawahi kujiuliza unaandikwaje." Akabaki akinong'ona maneno ya kwao peke yake, kiganja mbele ya mdomo, huku simu yake ikiita bila kupokelewa.

Hata hivyo Wasike alikuwa mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu hulala vizuri akishapata uthibitisho. Shaka ndogo ilimchoma: Ruot naye alisoma ukurasa mzima bila kosa. Labda Nyamal aliimba tu alichokijua, na macho yake yakayaona yale aliyotaka kuyaona. Akamweleza shaka hiyo waziwazi, na Nyamal hakukasirika.

"Chagua wewe wimbo, mwalimu. Yenye siko najua."

Wasike akafungua karibu na mwisho wa kitabu, ambako kurasa zilikuwa hazijachakaa kwa vidole. Nyamal akautazama ule wimbo kwa muda. Hakuujua. Hakuwahi kuusikia ukiimbwa Kakuma. Wakakubaliana ausome kanisani siku ya Pasaka, mbele ya watu wanaoijua lugha, kwa sababu Wasike peke yake asingeweza kutambua kama ni maneno au ni kelele.

Pasaka ya mwaka huo ilikuwa siku ya mwisho ya Machi. Kanisa la Wanuer lilikuwa la udongo, paa la mabati, na watu walijaa hadi nje kwenye vumbi. Wasike alikaa benchi la pembeni, Ruot ubavuni pake amtafsirie. Nyamal alipoitwa, alisimama mbele na kile kitabu kisicho na jalada, akashusha pumzi, akaanza.

Alisoma kama alivyofundishwa, sauti kwa sauti, hadi neno likamilike, kisha lingine. Bila tuni, polepole vile, ilikuwa kama mtoto anayejifunza kusema. Watu walitazamana. Mama mmoja akamnyamazisha mwanawe. Vijana wawili mlangoni wakaanza kucheka.

Mstari wa pili ulipokwisha, bibi mmoja wa mbele akainua kichwa. Aliitwa Nyaluak, jicho lake moja lilikuwa limefunga ukungu, na Ruot alisema hajawahi kumsikia akiimba tangu afike kambini. Bibi akanyoosha mkono kumzuia Nyamal, akasema kitu kwa sauti nzito.

"Anauliza nani alimfundisha huu wimbo," Ruot akanong'ona.

Nyamal akajibu kwa maneno machache.

"Amesema hakuna. Amesema imeandikwa."

Bibi akakataa kwa kichwa. Akasema kwa kirefu, akionyesha kwa mkono kaskazini. Ruot alitafsiri kwa vipande: wimbo huo waliuimba kijijini kwake alipokuwa msichana, kabla ya vita. Waliouimba naye wamekufa wote. Yeye mwenyewe amebakiwa na tuni tu, maneno yalimtoka njiani, hakumbuki alipoyaangusha. Basi huyu mtoto aliyezaliwa juzi ameyatoa wapi?

Nyamal hakubishana. Alishuka, akapiga magoti mbele ya bibi, akafungua kitabu mapajani mwake, akaweka kidole kwenye neno la kwanza na kulisoma. Bibi akasikiliza. Kisha, kwa sauti nyembamba iliyokwaruza, akaliimba neno hilo kwa tuni yake. Nyamal akasoma la pili. Bibi akaliimba. Wakaendelea hivyo, mmoja akitoa neno kwenye karatasi, mwingine akilipa tuni, hadi ubeti wa kwanza ukasimama mzima. Waliporudia, waliimba wote wawili. Walipoingia ubeti wa pili kanisa zima lilikuwa limesimama, na waliokuwa nje wameingiza vichwa madirishani.

Wasike aligeuka kuuliza wimbo unasema nini. Ruot alikuwa ameacha kutafsiri. Alisimama mdomo wazi, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

Na hapo, katikati ya sauti zile, pasipo kutarajia, Wasike aliisikia. Bibi alivuta irabu moja ndefu, kavu, kisha nyingine iliyokuwa kama imefunguliwa mlango kwa ndani, hewa ikapita. Zilikuwa mbili. Zilikuwa mbili kabisa, kama mchana na usiku, na hakuelewa ilikuwaje akazichanganya muda wote ule. Alitamani kumshika mtu amwambie, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsikiliza, naye akasimama tu, akiwa amejishika kifua.

Baada ya Pasaka wanawake walimfuata Nyamal kwake. Kwanza walikuja watatu, kisha saba, kufikia Juni walikuwa kumi na mmoja. Akawafundisha kanisani Jumanne na Alhamisi, kwa kokoto, kila mmoja na konzi yake. Bibi Nyaluak alikaa nao ijapokuwa jicho lililobaki halikutosha kuona herufi. Kazi yake ilikuwa kutamka, na mtu akikosea pumzi alimrudisha nyuma bila huruma. Nyamal mwenyewe alipandishwa darasa la tano, na safari hii Madam Asekon alimtafutia meza ya mwalimu, apate pa kuweka magoti.

Agosti 2013 Wasike aliitwa tena Lodwar, kutoa ripoti. Alisimama mbele ya walimu wenzake akatoa hesabu yake kwa uaminifu: kati ya thelathini na wanane, thelathini na mmoja wanasoma. Watano waliacha shule. Wawili hawakuweza, wala hajui kwa nini, na angeshukuru mwenye kujua amsaidie. Kisha akajaribu kueleza habari za Nyamal. Alieleza kile kidude kilichotazama nyuma, akaeleza nukta, akaeleza wimbo.

"Kwa hiyo nani alimfundisha kusoma Kinuer?" mwalimu mmoja akauliza, kalamu tayari juu ya karatasi.

"Hakuna," Wasike akasema. "Alisikiliza." Akaona kwamba ameeleza vibaya, akakaa. Chepkemoi peke yake, kule nyuma ya ukumbi, alikuwa amevua miwani akiifuta na ncha ya kitenge, akiifuta tena.

Walipopumzika saa nane, Wasike alitoka akatembea hadi barabara ya sokoni. Jua lilikuwa kali, boda boda zimejipanga kivulini. Alisimama mbele ya kibanda kimoja kilichoandikwa kwa rangi nyekundu iliyochuruzika. Akajikataza kusoma kwa haraka kama alivyozoea. Akaanza na alama moja, akaipa sauti yake. Akaenda ya pili. S. O. D. A. Akaziunganisha. Kisha akaanza neno lililofuata, b, a, r, i, d, i, na lilipojifunga akahisi ubaridi wenyewe ukimpita kooni, katika joto lile la Lodwar, kutokana na mistari ya rangi juu ya ubao tu. Aliyeipaka hakuwepo. Labda alikuwa Lorugum, labda alikwisha kufa. Lakini alikuwa amesema, na Wasike alikuwa amemsikia.

"Mzee, nikupe soda?" mwenye kibanda akamwita, akifuta chupa kwa kitambaa.

"Ngoja kidogo, mama," Wasike akasema, bila kuondoa macho kwenye ubao. "Bado nasoma."